Depo ya Sura

Malachie Kamate alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na viazi, mzaliwa wa Masereka, mwenye duka Butembo na motokari ya mizigo iliyokohoa kila ilipopanda mlima. Biashara yake ya pili hakuitangaza kanisani. Kila aliposhuka kwenye misitu ya Manguredjipa au kupanda vijiji vya milimani kutafuta chakula cha kuuza, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mzee aliyeacha kitu cha zamani: kiti, fimbo, sanamu, au sura iliyochongwa ya kuvaliwa usoni. Vitu hivyo alivipeleka Beni kwa mzungu mmoja mwenye shamba la mapapai. Jina lake Delcourt, lakini watu wote walimwita Bwana Sura.

Na kweli sura ndizo alizozipenda, kupita viti na sanamu. Kuta za sebule yake zilijaa. Nyingine zilikuwa za misituni, alizoletewa na Malachie, zimepakwa udongo mweupe. Nyingine zilitoka mbali kabisa. Kulikuwa na moja ya mti uliookotwa baharini, kutoka kwa watu wanaoishi katika theluji. Kulikuwa na moja nyekundu ya Meksiko, mashavu yamevimba kama ya mtu apulizaye moto. Kulikuwa na moja ya milima ya Ulaya yenye ndevu za mbuzi halisi. Malachie alizipangusa mara nyingi akisubiri kulipwa, na hakuna iliyomshtua. Baba yake alikuwa mwinjilisti aliyechoma vitu kama hivyo mbele ya watu wote. Mtoto alikuwa amekua akijua kuwa ni mti, na mti unawaka.

Uhuru ulipofika, mwezi haukwisha kabla wazungu wa Beni hawajaanza kukimbilia Uganda. Delcourt akamwita Malachie. Malachie alimkuta mzungu amesimama kwenye baraza, motokari yake ndogo imepakiwa masanduku, lakini ukutani sura zote bado zinaning'inia.

"Malachie, miye ninaenda leo," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Kitanda, waache babebe. Frigo, waache babebe. Lakini hizi, beba weye."

"Nikuwekee mpaka utarudia, Bwana?"

"Sitarudia."

"Basi ju ya nini usibebe mbili, tatu, zile unapenda sana?"

Mzungu hakumjibu mara moja. Alinyoosha kidole kwenye ile yenye ndevu za mbuzi.

"Ile nilinunua nikiwa kijana. Kaka yangu alikuwa muzima. Mwaka jana amekufa kule Ulaya, na tangu siku ile, nikiangalia pale, iko yeye. Hapana kufanana, Malachie. Yeye."

Malachie akaiangalia. Aliona mti, ndevu, na jicho moja lililoliwa na mchwa. Akafikiri kwamba hofu na pombe vimemlemea mzee wa watu, akaitikia kwa heshima, akaanza kuzishusha moja moja na kuzifunga kwenye magunia ya maharagwe.

Depo yake ilikuwa nyuma ya duka, chumba kirefu cha matofali chenye dirisha moja dogo. Alipigilia misumari akazitundika huko ili panya na mchwa wasizifikie, juu ya magunia na mifuko ya chumvi. Akasema moyoni kwamba nchi ikitulia atapata mnunuzi mwingine.

Asubuhi moja mke wake, Orpa, aliingia depo kuchukua chumvi, akakawia. Ukungu wa Butembo ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Malachie alimfuata, akamkuta amesimama na bakuli mkononi.

"Baba Kavira," alisema Orpa, kwa maana binti yao wa kwanza aliitwa Kavira, "mama iko hapa."

Malachie aligeuka kumtafuta mgeni dukani. Kisha akakumbuka kwamba mama mkwe wake alizikwa Masereka, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba sanduku. Orpa alikuwa akiitazama ile sura ya watu wa theluji.

Malachie akaitazama na yeye. Ufa wa kwenye paji ulikuwa palepale, matundu ya macho yalikuwa yaleyale, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa kwenye ule mti. Lakini ilikuwa kama mtu anapokusalimia njiani ukamjibu tu kwa adabu, halafu baada ya hatua kadhaa ukashtuka: kumbe namjua huyu! Mdomo ule uliopinda kidogo ulikuwa mdomo wa mama mkwe akijizuia kucheka mbele ya wageni.

"Unamuona?" Orpa aliuliza.

"Namuona."

Orpa hakuogopa. Alimwamkia mama yake kwa Kinande, akamshukuru, wasingya, akachota chumvi yake akaenda jikoni. Malachie ndiye aliyebaki mlangoni, hawezi kuingia, hawezi kuondoka.

Jambo la namna hiyo halikai nyumbani. Orpa alimwambia mwenzake wa kanisani, naye akaja kuangalia, akatoka analia kimya kimya. Wakaja wengine. Kuna aliyezunguka depo nzima asione ila mbao zenye matundu, akacheka, akaenda zake. Kuna aliyefika mbele ya sura moja akasimama akiita jina la mtu. Na sura iliyokuwa mjomba wa huyu, kwa yule ilikuwa kitu cha kuchongwa tu.

Hatimaye akaja Pasta Ananie. Alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Malachie, baba yako angechoma hii yote."

"Ndiyo, njo najua, Pasta."

"Donc? Basi?"

"Donc nikichoma, nitachoma mama mukwe wangu. Sema weye, Pasta, nifanye namna gani?"

Pasta alifungua kinywa ajibu. Macho yake yalipita juu ya kuta haraka haraka, kama mtu asiyetaka kuangalia, kisha yakakwama mahali. Akavaa kofia yake humohumo ndani, akaondoka bila kuomba wala kuaga. Habari ya kuchoma hakuirudia tena.

Miaka ikapita hivyo, watu wakazoea. Kisha ukafika mwaka wa sitini na nne, na waasi wakaja, wale walioitwa Simba, vijana wenye majani kichwani na dawa mwilini, wakashika Beni, wakashika Butembo. Waliowatafuta kwanza ni watu wa serikali, wale wenye mshahara na shati jeupe.

Katika nyumba ya Malachie iliyopakana na depo alikaa mpangaji, mwalimu Léon, aliyetumwa kufundisha kutoka upande wa Bas-Congo, pamoja na mke wake Antoinette. Walizungumza Lingala nyumbani na Kifaransa na wageni. Kiswahili walijifunza sokoni. Léon alikuwa mpole, mwenye tabia ya kuinua nyusi moja akimngoja mwanafunzi ajibu swali ambalo jibu lake linajulikana. Waasi walimchukua asubuhi akiwa njiani kwenda darasani. Walimpandisha kamio, lori lao, pamoja na makarani, wakasema wanakwenda kutengeneza daraja upande wa Beni. Kamio ilirudi tupu.

Ndipo depo ikawa mahali pa kuja kuuliza kama mtu wako bado mzima. Akina mama walifika asubuhi, mmoja mmoja, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Waliotoka bila kuona kitu walitembea wepesi. Waliokuwa wameona ilibidi washikwe mkono.

Antoinette naye akaja.

"Papa Malachie, banasema kwako mutu anaweza kujua."

"Madame, mi sijui chochote. Iko miti tu."

"Niache niangalie."

Alipita mbele ya kila sura, mikono nyuma, taratibu, kama anayekagua mstari wa wanafunzi. Alipofika mwisho alivuta pumzi hadi mabega yakapanda.

"Hayuko. Merci, mon Dieu. Hayuko."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi akitoka kisimani, anaweka ndoo mlangoni, anazunguka, anashukuru, anaondoka. Malachie alianza kufungua depo mapema ili awe wa kwanza kuingia. Aliogopa, na hakujua hasa anaogopa nini, mpaka asubuhi ile aliposogeza gunia, akainua kichwa, na Léon akawa anamtazama.

Ilikuwa ile nyekundu ya Meksiko. Mashavu yaliyovimba yalikuwa palepale, rangi ileile iliyobanduka. Lakini nyusi moja ilikuwa juu, na uso mzima ulikuwa unangoja jibu.

Malachie hakufikiri. Aliing'oa ukutani, akaifunga kwenye gunia, akaiingiza nyuma ya mifuko ya chumvi, imeelekea ukuta. Ndoo ikasikika ikiwekwa chini.

Antoinette alizunguka kama kawaida. Akasimama kwenye msumari mtupu.

"Hapa palikuwa nani?"

"Mchwa, Madame. Imeharibika, nimeitoa."

"Ah, bon," alisema. Kisha akatabasamu. "Hayuko, Papa Malachie. Leo tena hayuko."

Malachie alijiambia kwamba amefanya jambo la huruma. Ila kila asubuhi ilibidi alisikie lile "hayuko," na kila asubuhi lilizidi uzito.

Aliyeivunja huruma hiyo ni mdogo wake, Ézéchiel, dereva wa motokari. Alikuja jioni moja jua lingali juu ya vilima, akamvuta kaka yake kando.

"Yaya, kaka yangu, banatafuta sasa bibi za bale bato ba serikali. Nimesikia kwa masikio yangu jina la Madame Antoinette. Baliniamuru kesho nipeleke maharagwe Beni kwa bakubwa babo. Tukishusha muzigo, tunaweza kupita mbele, tuende Kamango, tuvuke Uganda. Sisi bote. Lakini njo kesho. Kisha kesho, sijui."

Malachie akamwendea Antoinette. Alikuwa anafua mashati ya Léon, yaliyokuwa safi tayari.

"Siendi," alisema. "Léon akirudi, atanikuta wapi?"

"Madame, iko hatari."

"Mais, lakini weye mwenyewe unaonaka! Kila siku ninaangalia, kila siku hayuko kule. Akiwa muzima, atarudi. Akirudi, mi niko hapa. Nani atamufungulia mulango?"

Malachie aliona amemfunga mtu huyu kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Akamwambia amfuate depo. Akatoa gunia nyuma ya mifuko ya chumvi, akalifungua, akaigeuza ile sura kwenye mwanga wa dirisha.

"Unisamehe, Madame. Nilimuona kabla yako. Nilificha."

Antoinette aliishika kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda mrefu hata Malachie akasikia panya wakipita juu ya dari. Naye alimwona Léon waziwazi, nyusi juu, pale mikononi mwa mke wake.

"Huyu hapana yeye," alisema Antoinette.

"Angalia muzuri."

"Nimeangalia. Bwana yangu ninamujua. Huyu iko mti, na rangi nyekundu."

Malachie hakujua kama anakataa kuona au haoni kweli. Antoinette alinyoosha mikono amrudishie, kisha mikono ikasimama hewani. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la Malachie, ukutani.

"Mais... Papa Malachie."

"Nini?"

"Ile nyeupe. Hauionaka?"

Ilikuwa ya msitu wa Manguredjipa, paji refu, macho membamba, udongo mweupe umepasuka shavuni. Malachie mwenyewe alikuwa ameinunua kwa mjane mmoja na kuibeba mgongoni hadi barabarani.

"Ninaiona. Iko na nini?"

"Iko weye."

Alitazama. Aliona paji, macho, udongo. Aliinama, akasogea kando, akatazama tena. Hakuna. Akamwita Orpa, naye akaja akipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. Malachie hakumwonyesha kitu.

"Mama Kavira, angalia hizi sura. Unaona mutu yeyote mupya?"

Macho ya Orpa yalizunguka chumba, yakampita mama yake, yakaenda, yakafika kwenye ile nyeupe, yakasimama. Alimgeukia mume wake, akamshika mkono kwa nguvu kama anayepima kama una damu.

"Ninaenda kufunga bintu," alisema. "Mwambie Ézéchiel kesho tunaenda bote."

Alipotoka, Antoinette alianza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri, lakini macho yalikuwa yamefunguka.

"Sasa ninaelewa! Weye uko pale ku ukuta, na uko hapa unasema na mi. Unakohoa. Unanuka petroli. Donc hata kama weye uliona Léon kwa ile mti, yeye anaweza kuwa fasi fulani anasema na mutu. Si njo vile? Basi ninaenda. Tutamutafuta kule mbele."

Malachie aliitikia kwa kichwa. Maneno yaleyale yaliyompa mwanamke nguvu, yeye yalimfanya aitazame tena ile nyeupe.

Waliondoka asubuhi ukungu haujapanda. Orpa, watoto na Antoinette walikuwa nyuma, katikati ya magunia, wamefunikwa turubai. Malachie alikaa mbele karibu na Ézéchiel. Njia nzima alijigusa uso, pua, kidevu, bila kukusudia.

Karibu na kuingia Beni kulikuwa na kizuizi, gogo limelazwa barabarani. Kijana mwenye majani kichwani alikuja dirishani, mkuki mkononi.

"Shukeni. Tunaangalia muzigo."

Nyuma, chini ya turubai, mtoto alikohoa. Kijana aligeuza shingo. Ézéchiel alifunga macho. Malachie akafungua mlango, akashuka, hajui atasema nini, akajikuta amesimama uso kwa uso na yule kijana.

Kijana alimtazama. Mkuki ukashuka kidogo kidogo hadi ncha ikagusa vumbi.

"Weye," alisema kwa sauti nyembamba. "Weye nilikuzika."

Kijana alinyoosha kidole upande wa msituni.

"Kule Manguredjipa, kando ya muto. Mi nilichimba shimo. Mi mwenyewe nilikutia udongo ku uso." Alijipangusa uso kwa kiganja, akionyesha. "Nani amekutoa?"

Malachie alitaka kusema, hapana, unanifananisha, mimi ni mtu wa Masereka. Lakini sauti haikutoka, na pengine hilo ndilo lililowaokoa. Alisimama tu, kimya, na vumbi jeupe la barabara usoni. Kijana alirudi nyuma bila kumgeuzia mgongo. Aliliburuta gogo peke yake, akiwafokea wenzake wasisogee. Motokari ikapita.

Wakashusha maharagwe Beni, wanawake na watoto wakisubiri kichakani nje ya mji, wakaendelea. Barabara ilipowashinda wakaiacha motokari kwa mtu wa kanisa, wakatembea msituni hadi Kamango, wakavuka. Njiani Malachie aliendelea kujigusa uso. Usiku Orpa aliweka mkono kifuani pake hadi alipolala.

Walirudi jeshi la serikali lilipokuwa limewafukuza waasi, mwaka wa sitini na tano ukianza. Duka lilikuwa limevunjwa. Chumvi hakuna, magunia hakuna, hata milango ilikuwa imebebwa. Na depo ilikuwa na misumari mitupu.

"Basimba njo balibeba?" Malachie alimwuliza jirani yake, fundi wa viatu aitwaye Zorobabel.

"Hapana. Basimba baliogopa kuingia pale. Ni sisi bato ba hapa. Kila mutu alikuja kubeba wake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika wiki zilizofuata, Malachie aliziona alipoingia nyumba za watu kuulizia bei ya viazi: moja juu ya kitanda, moja jikoni imeshaanza kushika moshi, moja imevishwa kitambaa cha kichwa. Kwa Pasta Ananie aliona kitu kimefunikwa shuka nyuma ya mlango wa chumba, akaendelea kuulizia viazi. Mama mkwe wake alipatikana kwa shangazi wa Orpa, na Orpa akamwacha hukohuko.

Ile nyeupe haikuonekana. Malachie alijua maana yake: ndani ya Butembo, au karibu, kuna nyumba ambamo watu wanaamka asubuhi na kumwamkia mtu wao aliyekufa, na mtu huyo ana uso wa Malachie Kamate. Alifuga ndevu. Orpa alimkataza kutafuta zaidi ya hapo.

Katika safari ya kurudi Antoinette alikuwa amebaki Beni kuuliza habari. Aliporudi Butembo alikuwa amekonda, na alikwenda moja kwa moja kwa Malachie.

"Nimepata mutu alikuwa naye ku kamio," alisema. "Balimuua siku ile ile. Siku ya kwanza, Papa Malachie. Bado hata kufika Beni." Aliketi kizingitini. "Weye uliona. Mi nilikataa kuona. Sasa nipe ile sura."

"Haiko kwangu, Madame. Mutu alibeba."

"Tutafute."

Waliuliza mtaa kwa mtaa. Ilikuwa kwa mjane mzee, Maman Emérence, kwenye kilima juu ya soko. Mwanawe wa pekee, Paulin, karani, alikuwa amepandishwa kamio ileile.

Bibi aliwakaribisha bila kuuliza wanakotoka. Sura nyekundu ilikuwa juu ya jiko, nyeusi kidogo kwa moshi. Antoinette aliinua macho, akasogea karibu na jiko. Safari hii alimwona Léon.

"Huyu njo mutoto yangu Paulin," alisema bibi kwa fahari. "Angalia nyusi. Alikuwa anainua vile, tangu mudogo, akijua nimesema uongo."

Malachie alijiandaa kusema. Antoinette akamshika mkono, akamnyamazisha.

"Ndiyo, mukaka," alisema, akimwita bibi kwa Kinande. "Iko yeye kabisa."

"Ulimujua?"

"Nilimujua."

Bibi akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi karibu na moto. Alikuwa na ungo wa maharagwe ya kuambua. Antoinette akaketi, akavuta ungo upande wake, akaanza kuambua. Baada ya kitambo aliuliza kama Paulin alikuwa anapenda kuimba, na bibi akaanza kueleza.

Malachie alitoka akamsubiri nje penye baridi, kisha akaona hawatamaliza leo, akashuka mlima peke yake. Antoinette hakurudi kwao Bas-Congo. Shule ilipofunguliwa alichukua darasa la Léon, na kila akitoka kazini alipanda kile kilima. Mwishowe alihamishia vitu vyake huko, akakaa na bibi hadi bibi alipofariki, na watu wa kilimani walimwita mukwe wa Emérence.